Kuandaa Krismasi Bila Kumsahau Mwenye Sikukuu: Mwongozo wa Majilio kwa Familia za Moshi

Desemba ikishika kasi, mahubiri mengi hapa Moshi hurudia lawama ileile: watu wamezama kwenye manunuzi, mambo ya roho wameyasahau. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila mimi huona haimtendei haki mama wa Kibosho anayepaka chokaa ukuta, anayeanika magodoro juani, anayemnenepesha mbuzi bandani na kupiga simu kila jioni kuuliza kama watoto wamekata tiketi. Mama huyo anasubiri watu wake waje, na anawaandalia nyumba. Kanisa linatuomba tumsubiri Mungu kwa namna hiyohiyo kwa Jumapili nne za kabla ya Krismasi, kipindi tunachokiita Majilio. Kinachopungua ni kuziunganisha hizo subira mbili ziwe moja.

Kwa hiyo mwongozo huu haukuambii uache shughuli. Unakuonyesha mahali pa kuingiza sala, toba na haki ndani ya kazi ambazo ungezifanya tu. Nimewafikiria Wakatoliki na Walutheri kwa pamoja, kwa kuwa familia nyingi za hapa zina wote wawili kwenye meza moja.

Anza na kalenda ya ukutani

Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, ile iliyo karibu zaidi na 30 Novemba. Tarehe hucheza kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na urefu nao hucheza: siku 28 zikizidi sana, 22 zikipungua. Mwaka 2026 yanaanza 29 Novemba, mwaka 2027 yanaanza 28 Novemba. Mwaka 2028 yanaanza 3 Desemba, na Jumapili ya nne inaangukia tarehe 24 yenyewe. Mwaka wa namna hiyo wiki ya nne ni asubuhi moja tu, kwa hiyo usiseme "hilo nitalifanya wiki ya mwisho".

Katika liturujia ya Kikatoliki kipindi hiki kina sehemu mbili. Hadi tarehe 16 Desemba masomo yanasisitiza kukesha na kumngoja Kristo atakayerudi. Kuanzia tarehe 17 yanageukia kuzaliwa kwake. Hata kama wewe si Mkatoliki, mgawanyo huo unafaa sana kupangia kazi za nyumbani. Kazi kubwa zote, yaani rangi, manunuzi, nguo za watoto, malipo ya watu, ziishe kabla ya tarehe 17. Tarehe 9 Desemba ni sikukuu ya Uhuru na ofisi zimefungwa. Nenda soko la Mbuyuni siku hiyo ununue mchele, maharage na unga wa ulezi, umalize. Anayesubiri tarehe 22 atavinunua vitu vilevile kwa bei nyingine, huku akisukumwa na umati na roho ikiwa juu.

Kwenye kalenda hiyo, ambayo pengine umepewa na parokia au usharika wako, andika mambo ya Mungu palepale unapoandika mambo ya soko. Kitubio Jumamosi fulani, chini yake kuchukua mbuzi. Ibada ya jumuiya, chini yake fundi wa bati. Jambo lisilo na tarehe halifanyiki Desemba, liwe la kiroho au la bati.

Tengeneza shada kwa vitu vya kihambani

Shada la Majilio lina historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Mchungaji Mlutheri wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, alilitengeneza mwaka 1839 kwa ajili ya watoto maskini aliokuwa akiwalea. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakimwuliza kila siku kama Krismasi imefika. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akasimamisha juu yake mishumaa midogo 20 ya siku za wiki na mikubwa minne ya Jumapili, ikawa inawashwa mmoja zaidi kila siku. Baadaye watu wakabaki na ile minne, na Wakatoliki nao wakalichukua. Kitu kilichoanzia kwenye gurudumu la mkokoteni hakihitaji kununuliwa dukani kikiwa cha plastiki.

Hapa kwetu mimi napendekeza masale, ule mmea wa majani marefu. Yapo kwenye kila mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, majani yake yanakaa mabichi kwa muda mrefu baada ya kukatwa, na yana maana ambayo nitaieleza mbele. Chukua sinia la bati, weka mchanga wenye unyevu, uinue pembezoni. Kata majani ya masale, yafute vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha likunje kila jani katikati bila kulivunja na uchomeke ncha zote mbili mchangani, jani moja likiegemea jingine, mpaka uzungushe duara zima. Funga kwa kamba ya mgomba pale yanapolegea. Baada ya wiki mbili ncha zitaanza kuwa za kahawia. Badilisha yaliyochoka, nyunyizia maji kidogo.

Mishumaa ni minne. Kwa desturi ya Kikatoliki mitatu ni ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, ambao huwashwa Jumapili ya tatu, Jumapili ya furaha. Walutheri wengi hutumia minne ya rangi moja na hakuna ubaya. Ukikosa ya zambarau, chukua myeupe na ufunge kitambaa cha zambarau chini kabisa, karibu na mchanga, moto usikifikie. Nunua minene. Ile myembamba ya kuwashia umeme ukikatika haimalizi hata wiki, na mshumaa wa kwanza unatakiwa kuishi wiki zote nne. Dakika kumi kila jioni zinatosha, kisha uuzime. Sinia likae mbali na pazia, na mtoto asiachwe nalo peke yake.

Kama mnaweka pango, lianze tupu. Hori lijazwe polepole: kila mtoto anapomsaidia mtu bila kuagizwa, anaweka unyasi mmoja au kipande cha jani kavu la mgomba. Mtoto Yesu anawekwa usiku wa tarehe 24. Watoto wa mjini huanza kwa kufanya biashara ("nimeosha vyombo, naweka manyasi mangapi?"), lakini waache, wataelewa.

Dakika kumi za jioni

Panga muda kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, kwa sababu baada ya hapo utakuwa unashindana na televisheni na utashindwa. Mtoto mdogo kabisa anauliza, "Tunamngoja nani?" Mkubwa kabisa anajibu na kuwasha. Somo fupi, kimya kidogo, maombi ya kila mtu kwa sentensi moja, Baba Yetu, basi.

Kuna mpango wa kusoma Luka, sura moja kila siku kuanzia tarehe 1 Desemba, kwa vile injili hiyo ina sura 24. Ni mzuri kwa mtu mzima anayesoma peke yake. Kwa familia naona haufai sana: sura ya kwanza pekee ina mistari 80, na usiku wa Krismasi mtakuwa mnasoma ufufuko. Jaribuni hivi badala yake. Wiki ya kwanza Isaya 2:1-5 na Isaya 11:1-10. Wiki ya pili Isaya 40:1-11 na Luka 3:1-14. Wiki ya tatu Isaya 35 na Isaya 61. Rudieni somo moja siku tatu mfululizo, watoto hulishika. Tarehe 17 someni habari za Yosefu katika Mathayo 1:18-25, kisha mwende na Luka sura ya kwanza taratibu: tarehe 18 Zakaria hekaluni (5-25), 19 Gabrieli na Maria (26-38), 20 safari ya kwenda kwa Elisabeti (39-45), 21 wimbo wa Maria (46-55), 22 kuzaliwa kwa Yohane (57-66), 23 wimbo wa Zakaria (67-79). Tarehe 24 mnaingia Luka sura ya pili.

Nyimbo nazo zina wakati wake. Maduka na daladala huanza kupiga za Krismasi Novemba, huwezi kuwazuia. Nyumbani unaweza. Imbeni za Majilio. Wakatoliki hawaimbi wimbo wa Utukufu kwenye misa za Jumapili hizi nne, na ndiyo maana unapoanza usiku wa mkesha, kengele zikilia, hata mzee aliyekuwa anasinzia hunyanyuka.

Masale: patana kabla mabasi hayajaanza kufika

Hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi zaidi, kuliko kwenye shada na pango.

Desemba inawaleta watu wote kwenye kihamba kimoja: aliyejenga Dar es Salaam, aliyebaki kumtunza mama, aliyekopeshwa ada ya mtoto akanyamaza, aliyesogeza mpaka kwa migomba miwili. Wanakaa kwenye nyama moja na hawatazamani. Ikifika jioni, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishakolea, mmoja anasema neno. Kila ukoo una Krismasi ya namna hiyo ambayo hausimulii.

Yohane Mbatizaji anasimama katikati ya Majilio akinukuu Isaya: mabonde yajazwe, milima ishushwe, njia inyooshwe. Watu wa milimani tunaelewa barabara ya kunyoosha ni kazi kiasi gani. Wazee wetu nao walikuwa na njia yao. Aliyekosa alimpelekea aliyekosewa jani la isale (ndiyo hayo masale, likiwa moja), mara nyingi kwa mkono wa mtu wa katikati, na lilikuwa jambo zito mno kulikataa. Jani lenyewe lilikuwa ombi la msamaha. Sioni sababu ya Mkristo wa Marangu au Machame kuiacha desturi hiyo nje ya Majilio wakati inafanya kazi ileile ya Mathayo 5:23-24, pale Yesu anaposema uiache sadaka yako madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako.

Fanya hivi. Ifikapo Jumapili ya pili, chagua mtu mmoja. Si wote, mmoja. Tafuta mtu wa katikati anayeheshimika pande zote, shangazi au mjomba au mzee wa ukoo, umwambie nia yako kabla ya kumwambia yeyote mwingine. Kama ndugu yuko mbali, mpigie simu wewe mwenyewe. Kamwe usianzie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kwa nia njema. Mashemeji watajibu kabla yake. Kama yuko karibu, nenda asubuhi, si jioni, na isale mkononi kama familia yenu bado inaheshimu hilo.

Maneno yawe machache na yataje kosa kwa jina lake. Mfano: "Kaka, shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya maneno niliyokutamkia kwenye msiba wa baba, mbele ya watoto wako. Nilikukosea heshima. Naomba unisamehe." Ukishafika hapo, nyamaza. Ukiongeza "lakini na wewe", umerudi ulikotoka. Asipojibu siku hiyo, mpe muda. Umeshafungua mlango, na Majilio bado yana wiki mbili.

Tenganisha msamaha na hukumu ya mpaka. Mnaweza kusalimiana na kula pamoja tarehe 25 huku suala la migomba miwili likisubiri wazee au baraza la kata Januari. Watu wengi hukataa kupatana wakidhani kupatana ni kukiri kwamba shamba si lao. Na kama uliyekosana naye ni mtu aliyekupiga au aliyemdhuru mtoto, huu mwongozo haukutumi nyumbani kwake. Mwone kwanza padre, mchungaji au mtu unayemwamini. Usalama wako na wa mtoto unatangulia.

Baada ya hapo nenda kwenye kitubio kama wewe ni Mkatoliki, na uende mapema, kabla ya tarehe 17. Wiki ya mwisho foleni huwa ndefu, padre amechoka, na wewe unaungama huku ukifikiria nyama. Walutheri wana maungamo ya pamoja ndani ya ibada, lakini mchungaji hamkatai anayetaka kuungama peke yake. Omba tu nafasi.

Bajeti ya Yohane Mbatizaji

Watu walimwuliza Yohane, "Tufanye nini basi?" Majibu yake katika Luka 3:10-14 yote yanahusu nguo, chakula na fedha. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Mtoza ushuru asizidishe kiwango. Askari asimdhulumu mtu, aridhike na mshahara wake.

Anza na kabati. Kabla hujashuka soko la Memorial kuchagulia watoto nguo za sikukuu, toa zile zisizowatosha, zifue, zipige pasi, zikunje. Nguo ya kutoa yenye zipu mbovu si sadaka, ni kumhamishia mwenzako takataka. Mtoto mwenyewe ndiye azipeleke, kama mnajua nyumba ya kuzipeleka.

Kisha watu wanaokufanyia kazi. Dada wa nyumbani, kijana wa ng'ombe, kibarua aliyepalilia kahawa: walipwe kabla ya tarehe 20, mshahara mzima, na nauli juu yake kama anakwenda kwao. Naye ana mama anayeanika magodoro mahali fulani. Kama mnamhitaji abaki hadi sikukuu ipite, mwulize akiwa na nafasi ya kukataa, na mumlipe kwa siku hizo. Najua nyumba zenye shada zuri la Majilio sebuleni na binti jikoni ambaye hajalipwa tangu Oktoba. Nenda pia kwa muuza duka, uombe daftari, ulipe deni lako.

Ukiwa mfanyabiashara, sehemu ya mtoza ushuru ni yako. Gharama zikipanda kweli, bei itapanda. Kupandisha nauli au mafuta ya kula kwa sababu tu Wachagga wamerudi ni jambo la kulijadili na dhamiri yako kabla ya mkesha.

Chakula cha kugawa kinahitaji akili ya jikoni. Nyama ikimfikia mjane saa nane mchana wa tarehe 25, atakuwa ameshapika mchicha na kula. Mpelekee tarehe 23 au 24 asubuhi, pamoja na mafuta na mchele, apike saa wanayopika wengine, na harufu itoke kwake pia. Kwenye mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka baada ya ibada, mkungu wa ndizi au jogoo uliyemnunua unaweza kumpelekea moja kwa moja. Na kabla hujaongeza mbuzi wa pili, tazama ada ya Januari. Kama haipo, huyo mbuzi wa pili ni wa kujionyesha kwa majirani, si wa sikukuu.

Kwa wanaopanda kutoka Dar es Salaam

Maneno machache. Kata tiketi ya kufika kabla ya tarehe 22 kama kazi inaruhusu, ili usiingie mkesha ukiwa umevimba miguu. Simu ikizima njiani, una Rozari au zaburi. Ukifika, salimia, kunywa chai, nenda ukapalilie kaburi la babu, kisha mwulize mama, "Kazi gani imebaki?" na uifanye kwa mikono yako, usimpe tu hela ya kumlipa mtu. Gari lako wameshaliona.

Tarehe 20 hadi 24

Mbege ni kazi ya siku kadhaa: ndizi ziive, zipikwe, zikae, zichujwe, zichanganywe na uji wa kimea cha ulezi. Hesabu kurudi nyuma ili kuchuja kusiangukie saa ya ibada. Nyumba zisizotumia pombe zina nafuu hapa.

Kama mnachangia ng'ombe, kubaliana mapema nani anachinja na nani anagawa, na ichinjwe tarehe 24 asubuhi. Ikifanyika tarehe 25 asubuhi, wanaume wa mtaa mzima watakuwa machinjoni na kanisa litajaa wanawake na watoto. Au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: baba kanisani na suti, mama jikoni na mtori. Mwanamke asikose ibada kwa ajili ya supu. Menyeni ndizi usiku wa tarehe 24 na mziloweke kwenye maji zisiwe nyeusi, nyama ya mtori ichemshwe usiku huohuo, na wanaokwenda mkesha wawapokee jiko wanaokwenda ibada ya asubuhi. Anayechoma ndafu, yaani mbuzi mzima, naye apangiwe zamu.

Tarehe 24 jioni, kabla ya kutoka, washeni mishumaa yote minne. Someni Luka 2:1-20 taratibu, mtoto alaze sanamu horini, na katikati ya shada ongezeni mshumaa mweupe wa tano.

Baada ya hapo

Krismasi inaanza tarehe 25, haiishi siku hiyo. Endeleeni kuuwasha mshumaa mweupe jioni mpaka Epifania, sikukuu ya mamajusi, hata kama mmebaki wawili tu nyumbani. Mjane mwiteni tarehe 26, siku ya Stefano. Mabaki ya nyama yanatosha wote. Na lile suala la mpaka: kabla aliyekuja kutoka Dar hajapanda basi kurudi, kaeni dakika chache na mzee wenu, mkubaliane tarehe ya kikao na nani atakuja na karatasi za shamba, muiandike kwenye kalenda mpya.